Sifuri Tatu

Ilikuwa Machi 2016, nikiwa kidato cha kwanza. Mwalimu wa Jiografia alinyoosha chaki kuelekea dawati la nyuma, akaniambia nisimame nisome aya ya kwanza. Kitabu kilikuwa kimoja kwa wanafunzi wanne, wenzangu wakanisogezea. Aya ilikuwa ya Kiingereza. Herufi nilizijua zote, lakini zilikataa kushikana kuwa maneno. Ghafla moyo ukaanza kwenda mbio, kama mtu anayegonga mlango usiku wa manane. Viganja vikalowa jasho, midomo ikaingia ganzi, pumzi ikawa haishuki chini ya koo. Sikujua kwamba naogopa. Nilijua nakufa, na kwamba mama yuko barabarani anauza chapati wala hana habari.

Darasa likacheka. Tulikuwa zaidi ya 80 mle ndani, kwa sababu mwaka ule ndio Serikali ilianza kutoa elimu bila ada hadi kidato cha nne, na watoto ambao nyumbani kwao ada ingewashinda, mimi nikiwamo, tuliingia kwa wingi. Mwalimu alisubiri kidogo, kisha akaniambia nikae. Nyuma yangu mtu akasema kwa sauti ya kusikika, "Foleni imekwama." Hilo ndilo lilikuwa jina langu pale shuleni: Foleni. Nikakaa. Tangu siku hiyo sauti yangu haikusikika tena darasani kwa miezi mingi.

Leo mimi ni mtu mzima. Natoa ushuhuda huu kwa ajili ya mtoto aliyekaa dawati la nyuma asubuhi hii, na kwa ajili ya mzazi wake anayedhani mtoto huyo ni mvivu, ana kiburi, au amerogwa.

Anayeijua Tunduma anajua kwamba mji wetu unakula kwa wapitaji. Barabara kuu inayotoka Dar es Salaam inafika hapa na kuvuka kuingia Nakonde, Zambia. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, nayo inapita hapahapa. Malori yanaleta shaba kutoka Zambia na Kongo kuipeleka bandarini, mengine yanakwenda huko na mafuta na makontena. Foleni ikishiba inarudi nyuma, inapita Chapwa, inafika hadi Mpemba, na dereva anaweza kulala garini siku kadhaa akingoja kuvuka. Mtu anayengoja anahitaji kula, kuoga na kuchaji simu. Nusu ya mji wetu inamuuzia kitu mtu anayengoja.

Mama yangu alikuwa miongoni mwa wauzaji hao. Aliuza chapati, chai na mayai ya kuchemsha, jioni hadi usiku, kando ya malori. Tuliishi chumba kimoja cha kupanga mtaa wa Majengo: mama, mimi na wadogo zangu wawili. Baba alikuwa utingo wa lori. Aliondoka nikiwa darasa la tatu, akasema anakwenda Kitwe na kurudi. Sikumwona tena. Maji tulinunua kwa ndoo, na kiangazi kilipokaza tuliamka saa tisa usiku kupanga madumu. Yalipokuwa machache, sare haikufuliwa. Baridi ya Juni na Julai ya huku kwetu haina huruma, na mimi nilikuwa na sweta moja lililotoboka viwiko vyote.

Nilizoea shida hizo tangu utotoni kama mtu anavyozoea njia yenye mawe. Kilichoniangusha nilipofika sekondari ni kuanza kujitazama kwa macho ya wengine. Nilianza kuhesabu: nani ana viatu vya ngozi, nani anashushwa na bodaboda, nani anabeba hela ya chai, nani ameweka picha mpya kwenye simu ya dada yake. Nikajikuta kila hesabu mimi ndiye wa mwisho. Siku zangu za mwezi zilipofika nilikaa nyumbani kwa kukosa vifaa, nikirudi somo limeshapita, na mwalimu akiuliza nilikuwa wapi ninainamisha kichwa.

Halafu lile jina. Mtu wa mjini kwetu anajua wanamaanisha nini wanapomwita binti "mtoto wa foleni," binti ambaye mama yake anakesha kwenye malori. Walikuwa wanamtukana mama yangu. Mwanamke aliyekanda unga hadi viganja vikapasuka ili sisi tusilale njaa walikuwa wanamfanya kitu kingine. Na mimi, badala ya kumtetea, nikaanza kumwonea haya. Nikaacha kwenda kumsaidia. Akinituma kupeleka chai nilisema kichwa kinauma. Katika yote nitakayoyasema hapa, hilo ndilo linalonichoma hadi leo.

Nilikuwa nimeipenda sana kazi ile. Januari 2013, nikiwa na miaka 11, Zambia ilikata sifuri tatu kwenye fedha yake. Kwacha 1,000 ya zamani ikawa kwacha 1, na noti ya 10,000 ikawa sawa na noti mpya ya 10. Kwa miezi sita noti za zamani na mpya zilitembea pamoja, na pale barabarani vurugu ilikuwa kubwa. Mama alikuwa ameweka akiba kidogo ya kwacha kwenye kopo la maziwa ya unga. Siku aliposikia kwamba sifuri zimefutwa alikaa chini kando ya jiko akashika kichwa, akidhani jasho lake lote limegeuka makaratasi. Nilichukua noti ya 10,000 na noti mpya ya 10 nikaziweka mapajani pake. Nikamwambia, "Mama, chapati ulizokuwa unauza kwa hii, ndizo utakazouza kwa hii. Yamebadilika maandishi tu. Thamani ni ileile." Alinitazama muda mrefu. Tangu siku ile mimi ndiye niliyekuwa mhasibu wake. Dereva akitoa kwacha akataka chenji kwa shilingi, mama hakuhangaika kutafuta kikokotoo. Aligeuka na kunitazama mimi.

Mtoto huyohuyo, miaka mitatu baadaye, alikuwa hawezi kusoma aya moja mbele ya wenzake.

Baada ya siku ile ya Jiografia, tukio lilijirudia. Mara ya pili lilinikuta kwenye mstari wa asubuhi shuleni, mara ya tatu njiani, kisha usiku kitandani bila sababu yoyote niliyoiona. Tumbo liliuma kila Jumapili jioni. Usingizi ulikatika saa nane, nikawa nasikiliza honi za malori hadi kunakucha. Mama alinipeleka zahanati. Wakapima malaria, haikuonekana, tukapewa dawa za maumivu tukarudi. Jirani akashauri maombi. Niliombewa, nikawekewa mikono, nikaanguka, na watu wakasema pepo limetoka. Kwa wiki moja nililala vizuri, kisha moyo ukarudi kwenye mbio zake. Hapo ndipo nilipokata tamaa kabisa, kwa sababu sasa nilijua kwamba hata Mungu ameshindwa nami. Shangazi yangu mmoja akataka nipelekwe kwa mganga upande wa Momba. Mama alikataa, ila nilimwona usiku anahesabu hela, na nilijua anafikiria.

Maombi siyadharau, mimi ni mtu wa imani na nimesimama kwa neema. Lakini kwa miaka mingi katika nchi yetu, hofu ya watoto imekuwa ikiitwa majina mengine. Januari 1962, wiki chache baada ya Uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni pale Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka na kulia bila kuweza kujizuia. Hali hiyo ikawakumba wanafunzi 95 kati ya 159, shule ikafungwa mwezi Machi, na wasichana walipopelekwa makwao ikaenea hadi vijijini. Madaktari walichunguza chakula na damu, hawakukuta sumu wala vijidudu. Waliandika kwamba ni mhemko wa kundi, na mimi naona ilikuwa ni miili ya vijana iliyokuwa inasema mzigo ambao vinywa havikuruhusiwa kuusema. Niliposoma habari hiyo nikiwa mkubwa nililia, kwa sababu niliwatambua. Na hadi leo tunasikia shule ambako wasichana wanaanguka, na jambo la kwanza linalotafutwa ni mchawi.

Julai ile niliacha kwenda shule bila kumwambia mtu. Niliamka, nikaoga, nikavaa sare, nikamuaga mama, kisha nikashika njia ya relini. Nilikaa kwenye kivuli karibu na reli ya TAZARA hadi saa za kutoka shule. Treni zilikuwa chache, na ukimya ule ulinifaa. Nilijiambia kwamba mimi si kitu. Kwamba nyumbani ni mdomo wa kulishwa, shuleni ni kichekesho, na siku nikikosekana hesabu ya dunia haitapungua. Yalifika mawazo mazito zaidi ya hayo. Nayataja tu ili mzazi ajue kwamba mtoto aliyenyamaza kimya anaweza kuwa amefika huko, huku sare yake ni safi na salamu yake ni ya adabu.

Nilikaa hivyo majuma kadhaa. Kisha jioni moja ya Septemba mwalimu wetu wa Hisabati, mama wa makamo ambaye pia alikuwa mwalimu wa malezi, alikuja barabarani.

Siku hiyo mdogo wangu alikuwa anaumwa, kwa hiyo sikuwa na njia ya kukwepa. Nilikuwa kando ya jiko na mama. Mwalimu alisalimia, akakaa juu ya dumu, akaagiza chai na chapati. Mama hakumfahamu. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Hakusema lolote kuhusu shule. Dereva mmoja aliyekuwa amekula na wenzake wawili akatoa noti ya kwacha 50, akataka chenji nusu kwa shilingi, nusu kwa kwacha. Mama aligeuka kunitazama, kama zamani. Nikataja hesabu kabla dereva hajamaliza kufuta mikono. Mwalimu aliacha kutafuna.

Alipomaliza chai, akalipa, ndipo akamwambia mama, "Mama, mimi namfundisha binti yako Hisabati. Nimekuja kwa sababu nimemkosa darasani wiki nyingi." Nilingoja kipigo. Mama alikaa kimya, akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Ulikuwa unakwenda wapi, mama?" Aliniita hivyo, "mama," kama alivyoniita nilipokuwa mdogo. Nikaanza kulia, na nikasema yote. Jina la Foleni. Kitabu cha Jiografia. Moyo. Reli. Nilisema hata lile ambalo nilikuwa nimeapa sitalisema: kwamba nilimwonea haya.

Mama alifuta mikono kwenye kanga. Akasema, "Siku zile sifuri zilipofutwa, nililia hapahapa. Wewe uliniambia nini?"

Sikujibu.

"Uliniambia maandishi ndiyo yamebadilika, thamani ni ileile. Nilikuamini wewe ukiwa na miaka 11. Leo wameandika jina lao juu yako, na wewe umekwenda kuamini maandishi."

Maneno hayo hayakuniponya usiku ule. Wapo wanaosimulia kana kwamba sentensi moja inatosha kumnyanyua mtu, na mtoto anayesoma akiona kwake haikutosha anadhani ana kasoro zaidi. Kesho yake moyo ulikwenda mbio vilevile. Ila kuanzia usiku ule sikuwa peke yangu na siri yangu, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilikuwa nimeficha kwa miezi sita.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kwanza mwalimu alinieleza kwamba nilichokuwa nacho kina jina: wasiwasi uliopitiliza. Alisema mwili ukidhani kuna hatari hujiandaa kukimbia au kupigana. Moyo unapiga kwa nguvu ili damu ifike kwenye misuli, jasho linatoka, pumzi inakuwa ya harakaharaka. Ukihema hivyo muda mrefu unatoa hewa ya ukaa kupita kiasi, na hiyo ndiyo inayoleta kizunguzungu na ganzi midomoni na vidoleni. Hufi. Mwili wako unakulinda dhidi ya simba ambaye hayupo. Sikuwahi kuwaza kwamba ile ganzi ina sababu. Kujua tu kulipunguza nusu ya hofu, kwa sababu nusu hiyo ilikuwa ni hofu ya hofu yenyewe.

Akanifundisha kupumua: kuvuta hewa taratibu nikihesabu hadi nne, kuitoa nikihesabu hadi sita. Nilifanya hivyo nikiwa nasukuma chapati, nikiwa kwenye foleni ya maji, nikiwa kitandani. Alisema nisisubiri siku ya vita ndipo nijifunze kushika ngao.

Pili alinipa daftari dogo. Kushoto niandike ninachoogopa kitatokea, kulia niandike kilichotokea kweli. "Nikijibu swali watacheka wote." Kulia: walicheka wawili, wengine walikuwa wanaandika. "Nikitetemeka mwalimu atanifukuza." Kulia: hakuona. Baada ya miezi miwili nilisoma daftari lile kama mhasibu, nikaona hofu yangu inanidai kila siku zaidi ya ninachodaiwa kweli.

Tatu, ngazi. Hakunisimamisha mbele ya darasa. Nilianza kumsomea yeye peke yake ofisini, mistari mitatu. Kisha mbele ya rafiki mmoja. Kisha kundi la wanafunzi sita tuliokutana kila Alhamisi chini ya mti nyuma ya jengo la maabara. Wote sita tulikuwa na jambo. Mmoja alikuwa na kigugumizi. Mmoja alilelewa na bibi yake aliyekuwa hajiwezi. Mmoja, mvulana mrefu aliyeniita Foleni kuliko wote, alikuwa analala sokoni juu ya magunia ya mahindi kwa sababu baba yake wa kambo alimfukuza. Siku alipotueleza hayo hakuna aliyecheka. Tulipotawanyika alinifuata akasema, "Dada, nisamehe." Nilielewa siku hiyo kwamba aliyenibandika jina alikuwa anatafuta mtu wa kuwa chini yake, ili naye asiwe wa mwisho katika hesabu.

Kulikuwa na jambo la nne ambalo naliona kubwa, ingawa linaonekana dogo. Tulipokuwa chini ya mti, mwalimu alituruhusu kueleza somo kwa Kiswahili kwanza, kisha kutafuta maneno ya Kiingereza pamoja. Mtoto wa shule ya serikali anasoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, kisha Januari moja anaamka na kukuta masomo karibu yote yamehamia lugha nyingine. Wa nyumba yenye vitabu na masomo ya ziada anavuka. Wetu wengi wanabaki ng'ambo, na kwa kuwa hakuna anayewaambia kwamba mto ni mpana, wanaamini kwamba wao ndio hawajui kuogelea. Nilipogundua kwamba nilikuwa naijua Jiografia, na kwamba nilichokosa ni lugha, kitu kilifunguka ndani yangu.

Na tano, nilirudi kwa mama. Kila jioni baada ya shule nilikaa kando ya jiko, nikahesabu chenji. Mwalimu ndiye aliyenishauri. Alisema mtu hajengi kujiamini kwa kuambiwa kwamba yeye ni wa thamani. Anajenga kwa kufanya kitu ambacho mtu mwingine anakitegemea. Mama alinitegemea. Wadogo zangu walikula kwa hesabu zangu. Nilianza kutembea kati ya malori yale nikiwa nimeinua uso.

Siku niliposoma tena mbele ya darasa zima ilikuwa mwaka uliofuata. Sauti ilitetemeka mistari miwili ya kwanza, nikasimama, nikavuta hewa, nikahesabu hadi nne, nikaendelea. Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu alisema "Vizuri, anayefuata," na somo likaendelea. Sijawahi kupewa zawadi nzuri kuliko ile ya kuonekana mtu wa kawaida.

Hali ilirudi tena. Oktoba 2019, mwezi mmoja kabla ya mtihani wa kidato cha nne, kilifunguliwa kituo cha pamoja cha forodha hapa Tunduma na Nakonde, ili malori yakaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Ilikuwa habari njema kwa nchi zote mbili. Nyumbani kwetu ilizua swali: foleni ikiisha, tutamuuzia nani? Mama alikosa usingizi, na usingizi wake ulipokatika wangu ukakatika pia. Tumbo la Jumapili likarudi. Lakini safari hii nililijua jina lake. Nilimfuata mwalimu kabla sijafika relini, nikarudi kwenye daftari na kwenye pumzi. Foleni hazikuisha, na mama aliongeza biashara ya mchele wa Kamsamba. Nilifanya mtihani, nikapata daraja la tatu. Wengine wangeona ni kidogo. Mimi niliyekuwa nimejiandikia sifuri kabla msahihishaji hajaona karatasi yangu, nilipiga magoti nikamshukuru Mungu.

Nilisoma kozi ya cheti cha maendeleo ya jamii. Sasa nina kibanda cha kuchapa na kutoa nakala, na Alhamisi mchana nakifunga kwa saa mbili nzima, naenda kukaa na vijana chini ya mti. Watatu, wanane, siku nyingine kumi na wawili. Watoto wa mama lishe, wa wabadilisha fedha, wa mafundi, wa waliokuja kutoka Ileje na Mbozi kutafuta maisha mpakani. Mimi si mtaalamu wa tiba. Akija mwenye hali nzito namsindikiza hospitali, nakaa naye hadi aonwe. Mwenye kupigwa au kuchezewa nampeleka Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au tunapiga 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo ni bure.

Sifanyi jambo jipya. Shirika la Afya Duniani linasema kijana 1 kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili. Katika darasa langu la watu 80 tungekuwa kama 11. Madaktari wa akili hawatatosha, na walio wengi wako mbali na sisi. Jirani zetu Kenya wameonyesha njia nyingine. Shirika liitwalo Shamiri, ambalo mmoja wa waanzilishi wake ni Tom Osborn, huwafundisha vijana waliotoka sekondari juzijuzi kukaa na wanafunzi katika makundi madogo, mara moja kwa wiki kwa wiki nne. Wanazungumza juu ya kukua, kushukuru na yale wanayoyathamini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliowahusisha wanafunzi 413 wa Nairobi na Kiambu, ulionyesha kwamba dalili za wasiwasi na sonona zilipungua zaidi kwa waliokaa kwenye makundi hayo kuliko kwa waliofundishwa mbinu za kusoma tu. Niliposoma hayo nilimkumbuka mwalimu wangu na ule mti nyuma ya maabara.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, tumbo la mtoto likiuma kila siku ya shule, mpeleke akapimwe, mwombee, kisha kaa naye chini umuulize, na usikimbilie kujibu. Mwalimu, mtoto aliyenyamaza usimhesabu kwamba hajui. Kijana, unachokisikia kifuani kina jina, na wapo waliokipita. Tafuta mtu mzima mmoja umwambie. Asipokuelewa, tafuta wa pili.

Nina kitu kimoja nimekihifadhi ndani ya lile daftari. Ni noti ya zamani ya kwacha 1,000. Ilijificha kwenye mkunjo wa kanga ya mama, na tulipoiona muda wa kuzibadilisha ulikuwa umekwisha. Zile nyingine zote zilibadilishwa zikawa unga, sare na kodi ya chumba. Hii ilikuwa na thamani sawa na wenzake, lakini haikuletwa mezani wakati kulikuwa na mtu wa kuipokea, na sasa hakuna duka litakaloitaka.

Kila Alhamisi kabla sijafunga kibanda naitazama. Kisha natoka haraka, kwa sababu kuna mtoto chini ya mti anayengoja, na nataka anikute nimeshafika.